Kuhamisha Matairi Nyumbani: Dalili za Matatizo na Vyanzo Vyake kwa Magari ya Mombasa

Mkazi wa Mombasa anayeamua kuhamisha matairi ya gari lake mwenyewe, akayapeleka ya mbele nyuma na kuyaleta ya nyuma mbele ili yote yalike kwa usawa, hukutana na adui ambaye mwenzake wa Nairobi hamjui sana, nayo ni chumvi ya bahari. Upepo wa kusi na wa kaskazi huileta chumvi hiyo hadi uani, njia ya feri ya Likoni huipaka chini ya gari, na unyevu wa pwani huifanya isikauke. Kwa uzoefu wangu, matatizo mengi ya kazi hii hayatokani na tairi lenyewe bali na sehemu mbili ndogo: thredi za nati, yaani mistari inayozunguka ambayo nati na bolti hushikana kwayo, na uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, pale rimu inapokalia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba fedha za kwanza zitumike kununua soketi iliyo sahihi, brashi ya waya na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ambayo mafundi huiita toki renchi, kabla mtu hajavutiwa na jeki kubwa.

Kazi yenyewe hufanywa kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, kwa hiyo anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 anaweza kuifanya katika kila sevisi ya pili.

Tairi limelika vibaya hata kabla ya kuhamishwa

Usifungue nati yoyote kabla ya kuyakagua matairi yote manne na kuyapapasa kwa kiganja, kwa sababu likishahamishwa, tairi halitakuonyesha tena kwa urahisi ugonjwa ulikuwa kwenye kona ipi ya gari. Tairi lililolika kingo zote mbili huku katikati pakiwa pazima limekuwa likitembea na upepo mdogo. Lililolika katikati peke yake lilijazwa kupita kiasi. Likiwa limelika ukingo mmoja, tatizo ni pembe za magurudumu, na dawa yake ni wili alaimenti. Pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ukihisi laini upande mmoja na makali kama ya msumeno upande wa pili, hiyo pia ni kazi ya alaimenti. Mabonde yanayopishana na vilima kuzunguka tairi zima huashiria shokapu zilizochoka au gurudumu lisilo na balansi.

Kuna ulikaji mmoja ambao haupaswi kumtia mtu hofu. Kwa kuwa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, tunazunguka kiplefti kwa mwelekeo wa saa, na uzito wa gari huegemea magurudumu ya kushoto kila tunapozunguka. Bega la nje la tairi la mbele kushoto huweza kutangulia kulika kidogo kuliko la kulia hata kwenye gari lisilo na kasoro, na hapo ndipo kuhamisha matairi kunapofaa hasa.

Kuhamisha hakuponyi lolote kati ya hayo mengine. Anayelipeleka nyuma tairi lililoliwa upande mmoja bila kurekebisha alaimenti analiweka tairi zuri mahali palepale palipomharibia la kwanza. Angalia pia vile vijipande vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji ya tairi: vina kimo cha milimita 1.6, na meno yakishalingana navyo, tairi hilo si la kuhamishwa tena bali ni la kutupwa, hasa masika yanapokaribia na maji kuanza kutuama barabarani.

Nati haifunguki

Hili ndilo tatizo linalowarudisha watu wengi kwa fundi huku wameshavunja bolti, na vyanzo vyake ni vinne.

Cha kwanza ni utaratibu. Mtu huinua gari kwanza, kisha akajaribu kufungua nati, gurudumu likaanza kuzunguka nayo na gari likatikisika juu ya jeki. Nati zote zilegezwe kwa robo mzunguko au nusu wakati gurudumu bado limekanyaga chini.

Cha pili ni spana isiyo sahihi. Magari mengi yanayoshushwa katika bandari yetu kutoka Japani yana nati za milimita 21 au 19: Toyota nyingi ndogo, kama Fielder, Probox na Vitz, hutumia 21, na Honda hutumia 19. Soketi ya inchi 13/16 ni kama milimita 20.6, kwa hiyo huonekana kama itaingia kwenye nati ya 21, lakini hukwama au hulazimishwa kwa nyundo, nayo ya 22 huingia kwa ulegevu na kuzila pembe. Chagua soketi yenye pembe sita ndani, si kumi na mbili, kwa sababu ya pembe sita hushika ubapa wa nati, ilhali ya kumi na mbili hushika ncha peke yake na kuzilainisha. Wili spana fupi inayokuja na gari ni ya dharura. Kwa kazi ya uani, nunua mkono wa spana wenye urefu wa takriban nusu mita, wa kuingia kwenye soketi ya nusu inchi.

Cha tatu ni kukazwa kupita kiasi. Toyota nilizozitaja huhitaji nyutonimita 103, na nyutonimita ndiyo kipimo cha nguvu ya kukaza. Mtu wa kilo 75 anayepanda kwa mguu juu ya spana yenye urefu wa sentimita 30 huikaza nati kwa takriban nyutonimita 220, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho, na bunduki ya upepo isiyodhibitiwa inaweza kuzidi hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kutoka kuziba pancha kwenye karakana moja ya kando ya barabara, na miezi mitatu baadaye nikapata nati tatu kati ya tano za gurudumu lile haziendi mbele wala nyuma.

Cha nne ni kutu. Siku ile ya nati tatu nilikuwa uani kwangu Kisauni, nimeshashika nyundo, mzee jirani aliponiona kutoka barazani kwake. Alikuwa fundi wa malori kwa miaka mingi, na nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku akiwa tayari anavuka kuja.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nyundo iweke chini. Nati iliyoshikwa na kutu haifunguliwi moja kwa moja. Ikaze kwanza, kidogo tu, uivunje kutu, ndipo uirudishe."

Nilipulizia mafuta ya kulainisha kutu, nikangoja dakika ishirini kama alivyoniagiza, kisha nikaisukuma nati upande wa kukaza kwa upana wa ukucha tu. Ililia mlio mkali na mfupi, na vumbi jekundu likadondoka juu ya rimu. Niliporudi upande wa kufungua ilikubali, lakini mzee hakuniruhusu kuizungusha hadi mwisho kwa mkupuo. Alinitaka niifungue nusu mzunguko na kuirudisha robo, nusu na robo, ili uchafu wa kutu usijikusanye mbele ya nati na kuzila thredi. Nati mbili zilitoka kwa njia hiyo. Ya tatu ilikatika pamoja na bolti yake, kwa kuwa ilishanyooshwa na ile bunduki ya upepo. Bolti iliyonyooshwa huonekana nyembamba kidogo katikati, na thredi zake hazilingani tena na za wenzake. Ikionekana hivyo, ibadilishwe hata kama haijakatika.

Kabla ya kurudisha nati, pitisha brashi ya waya kwenye thredi hadi chuma kionekane, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Wengi hupaka grisi au oili kwa nia njema ya kuzuia kutu. Nakushauri usipake, kwa sababu kiwango cha nyutonimita 103 kimepangwa kwa thredi kavu. Zikiwa na mafuta, msuguano hupungua na bolti huvutwa kuliko inavyostahili ingawa toki renchi inakuonyesha namba sahihi.

Gari likiwa na nati ya kufuli, tafuta ufunguo wake kwenye sanduku la dashibodi au pale spea inapohifadhiwa kabla ya kuanza kazi. Ufunguo ukiwa ulibaki Japani, kazi hiyo mpelekee fundi mwenye soketi za kung'atia nati, kisha nunua nati za kawaida.

Nati zimetoka lakini gurudumu limeganda

Rimu ya alumini inapokutana na habu ya chuma penye maji ya chumvi, metali hizo mbili hulana. Upande wa alumini utaona ungaunga mweupe, na upande wa chuma kutu nyekundu, vyote vikiwa vimeshikana kama saruji. Usilale chini ya gari ukapiga rimu kutoka ndani huku gari likitegemea jeki. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote katika mwongozo huu. Rudisha nati zote, uziache zikiwa zimelegea kwa mizunguko miwili, shusha gari chini, kisha lisukume mbele na nyuma kwa umbali wa hatua moja. Uzito wa gari utalibandua gurudumu, na nati zitalizuia lisitoke. Lisipobanduka, inua tena na ulipige tairi, si rimu, kwa kisigino cha kiatu kutoka nje, chini kisha juu, ukilizungusha kidogo kila mara.

Likishatoka, safisha uso wa habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya hadi uweze kupitisha kidole bila kuhisi magamba. Hapa ndipo mafuta mazito ya kuzuia kutu yanaporuhusiwa, tena kwa utando mwembamba kwenye ile shingo ya katikati ya habu peke yake, mbali na bolti na mbali na diski ya breki.

Jeki inazama, inainama au inashuka yenyewe

Nyua nyingi za Bamburi, Kisauni na Mtwapa zina mchanga, na jeki yenye kitako kidogo huzama upande mmoja gari linapopanda. Weka chini yake kipande cha ubao mgumu chenye unene wa sentimita 3 au zaidi na upana usiopungua mara mbili ya kitako cha jeki. Kama mvua imenyesha, ahirisha kazi au tafuta sakafu ya saruji. Jeki inayoinama ingawa ardhi ni ngumu, aghalabu haijawekwa kwenye alama mbili za ukingo wa chini ya mlango ambazo mtengenezaji amezikata kwa ajili hiyo. Bonyeza ukingo huo kwa kidole gumba kabla ya kuinua, kwani kwenye magari ya pwani rangi huweza kuwa nzima huku bati lililo ndani limeshaoza. Jeki ya mafuta inayoshuka polepole yenyewe ina vali ambayo haikufungwa vizuri, au mafuta yamepungua, au mipira yake ya ndani imechakaa. Kaza vali kwanza, kisha angalia mafuta. Ikiendelea kushuka, usiitumie tena.

Kwa gari dogo la takriban tani moja na robo, jeki ya tani 2 inatosha kabisa, mradi gari likishainuka liegemezwe kwenye stendi, yaani mguu wa chuma wa kulishikilia gari. Matofali hayafai kuwa stendi, kwa sababu hupasuka bila onyo.

Watu wengi hudhani kwamba ni lazima gari lote liinuliwe kwa stendi nne. Ikiwa gari lina spea, jeki moja na stendi moja zinatosha. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo hali ya Fielder na Probox zisizo na mvuto wa magurudumu manne, ya mbele hurudi nyuma moja kwa moja, na ya nyuma huja mbele kwa kubadilishana pande. Toa la mbele kushoto na uweke spea mahali pake. Nenda nyuma kushoto, toa lililopo, uweke lile la mbele kushoto. Lililotoka hapo lipeleke mbele kulia. Lililotoka mbele kulia liende nyuma kulia, na lililotoka nyuma kulia lije mbele kushoto, ambapo spea inatolewa. Gari litakuwa limeinuliwa mara tano, kona moja kwa wakati mmoja. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, au la magurudumu manne, hufuata kinyume chake: ya nyuma huja mbele moja kwa moja, na ya mbele huvuka pande kwenda nyuma. Tairi lenye mshale ubavuni, unaoonyesha mwelekeo wa kuzunguka, halivuki upande. Hubadilishana mbele na nyuma tu. Gari lenye matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele halihusiki na mpangilio huu.

Kila unapoinua kona, zuia kwa kabari magurudumu ya mwisho wa pili wa gari: ya nyuma ukiinua mbele, ya mbele ukiinua nyuma. Usitegemee gia ya kuegesha peke yake, kwani gurudumu moja la mbele likishakuwa hewani difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, huliruhusu lenzake lizunguke, na unapoinua nyuma breki ya mkono hubaki ikishika gurudumu moja tu.

Usukani unatetemeka baada ya kazi

Ukianza kutetemeka mara tu unapotoka nyumbani, hata kwa mwendo mdogo, simama ukague nati. Huenda rimu haikukaa sawa kwa sababu ya gamba la kutu lililobaki kwenye habu, au nati zilikazwa kwa kuzunguka mfululizo badala ya kuvuka. Nati tano hukazwa kwa mfano wa nyota: moja, kisha ile iliyo karibu na kuikabili, kwanza kwa mkono, kisha kwa spana, na mwisho kwa toki renchi gurudumu likiwa limegusa chini. Asiye na toki renchi kwa siku hiyo anaweza kukadiria: kwenye mkono wa spana wa nusu mita, nyutonimita 103 ni sawa na kusukuma ncha kwa uzito wa kilo 21, yaani chini kidogo ya bunda la unga la kilo 24. Hili ni kadirio la kukufikisha dukani tu.

Angalia pia mdomo wa nati. Rimu nyingi za kununua baadaye zinataka nati yenye mdomo uliochongoka kama koni, baadhi ya rimu za alumini za Toyota zinataka nati yenye shingo na washa bapa, na za Honda zina mdomo wa duara kama yai. Nati isiyolingana na tundu lake huonekana imekaza, kumbe inagusa ukingo tu, na italegea. Baada ya kilomita 80 hivi, ambazo ni karibu sawa na kwenda Mariakani na kurudi, pima tena nati zote kwa toki renchi.

Mtetemeko unaotokea tu kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa una chanzo kingine. Gurudumu lililokuwa nyuma bila balansi sasa liko mbele, na usukani unakuambia kile ambacho kiti cha nyuma kilikuwa kikikificha. Tafuta kwenye rimu alama safi ya mstatili, ambapo kipande cha metali ya risasi cha kusawazisha gurudumu kilibanduka, kisha upeleke gurudumu hilo kwenye wili balansi.

Mvumo mpya

Matairi yaliyolika kwa msumeno yakiwa nyuma huja na sauti yake yakihamia mbele. Mvumo wa aina hiyo hupungua polepole meno yanapolika upya. Ukitaka kuutofautisha na beringi iliyochoka, endesha mahali pasipo na magari na uyumbishe usukani taratibu kushoto na kulia: sauti ya beringi hubadilika uzito unapohama, lakini ya tairi hubaki ileile.

Taa ya upepo

Magari mengi yenye taa hiyo ya dashibodi, inayowaka upepo wa tairi unapopungua, yanahitaji mfumo uwekwe upya baada ya kuhamisha, kwa hatua zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Upepo wenyewe upimwe asubuhi kabla ya kuendesha. Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva huandikwa kwa kilopaskali, na kilopaskali 230 ni takriban PSI 33. Tairi lililoanikwa juani huongeza kati ya PSI 1 na 2 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo anayepima saa saba mchana na kupunguza kinachozidi atajikuta na tairi legevu usiku.

Gari linavuta upande mmoja

Linganisha upepo wa matairi ya mbele kwanza. Ukiwa sawa, badilisha nafasi za matairi mawili ya mbele, mradi hayana mshale. Mvuto ukihamia upande wa pili, tairi moja lina kasoro ya ndani, na unaweza kulirudisha nyuma ambako halitausumbua usukani. Mvuto ukibaki upande uleule, endesha kilomita tano au sita bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Zikiwa na joto sawa, nenda kwenye alaimenti. Moja ikiwa moto kuliko nyingine, kalipa ya upande huo, yaani kifaa kinachobana diski ya breki, haiachii, na ukiifungua utazikuta pini zake za kuteleza zimeshikwa na kutu ileile nyekundu uliyoisugua kwenye habu.